Mtoto Mdogo na Sinema ya Wanyama



Ndugu wapenzi wakatekumeni, mmekwisha kujifunza kwamba amri ya nne ya Mungu yawaagiza watoto kuwaheshimu baba na mama. Amri hiyo ina upande wa pili usiotajwa mara nyingi: wazazi nao wana deni kwa watoto wao. Deni hilo si chakula na nguo na karo ya shule tu. Ni pia kuangalia kitu gani kinaingia katika moyo wa mtoto kwa njia ya macho na masikio yake. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja kiingiacho kwa njia hiyo, nacho ni sinema ya picha za kuchorwa, ambayo vijana wetu huiita katuni.

Labda mtu atasema: "Mwalimu, jambo hili ni la watu wa Bukavu na Kinshasa. Sisi tuna mihogo yetu na samaki wetu." Sivyo. Sinema ilikwisha kufika hapa Nundu zamani. Huja kwa pikipiki kutoka Uvira na Baraka, huvuka ziwa kutoka Kigoma, ndani ya kitu kidogo kama ukucha kinachotiwa katika simu. Kijana mwenye paneli ya jua, betri na televisheni moja hufungua kibanda, watoto hutoa faranga chache, huketi juu ya mbao, na mama zao huko shambani hawajui wanaangalia nini. Sinema za vita na za aibu sitazisema leo, kwa kuwa hukumu yake ni rahisi: mtoto asiingie. Jambo gumu ni sinema ile ambayo kila mtu husema ni njema, ni ya jamaa nzima, ni ya watoto. Hapo ndipo mzazi huacha kufikiri.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Mwaka 1994 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa sinema iitwayo The Lion King, maana yake Mfalme Simba. Waliyoiongoza kazi hiyo ni Roger Allers na Rob Minkoff. Huchukua dakika 88, nayo imeonyeshwa karibu dunia nzima. Sisi yatugusa kwa namna ya pekee, maana wanyama wake ni wa Afrika, na majina kadhaa yametwaliwa katika lugha yetu: mwana wa mfalme aitwa Simba, nyani mzee aitwa Rafiki, ngiri aitwa Pumbaa. Fisi mmoja aliitwa Shenzi. (Jina hilo la mwisho halinichekeshi. Babu zetu walilisikia wakiitwa wao wenyewe.) Hata wale wasiojua neno jingine la Kiswahili huko Ulaya wanajua kusema "hakuna matata" kwa sababu ya sinema hiyo.

Kwa wale wasioiona, nasimulia kwa kifupi. Mfalme Mufasa ana mwana, Simba, na ana mdogo wake, Scar, anayeutamani ufalme. Scar ampeleka yule mtoto katika korongo, kisha fisi, rafiki zake, wafukuza kundi kubwa la nyumbu limkanyage. Baba aja kumwokoa mwanawe, amtoa, lakini anapopanda jabali ndugu yake amshika kwa makucha na kumtupa chini. Mtoto ashuka kumtafuta. Amkuta amelala, amvuta sikio, amwita, haamki. Basi aingia chini ya mkono wa maiti ya baba yake na kulala hapo. Ndipo Scar aja, amwambia kwamba baba amekufa kwa sababu yake, na kwamba akimbie asirudi tena. Simba akimbilia mbali, akua pamoja na ngiri na mnyama mdogo kama nguchiro, asahau kwao. Mwishoni arudi, Scar akiri kwamba yeye ndiye muuaji, wapigana katika moto, na mwovu aangamia mikononi mwa fisi wake mwenyewe.

Je, hadithi hii ni mbaya? Sivyo. Wema washinda, mwongo afunuliwa, na kijana aliyekimbia wajibu wake aurudia. Mimi mwenyewe naipenda. Mwenye miaka kumi atapata humo mengi ya kufikiri. Lakini swali letu si kama hadithi ni njema. Swali ni kama yamfaa mtoto huyu, wa umri huu, wa nyumba hii. Chakula kizuri cha mtu mzima hakipewi mtoto asiyeota meno, wala hatusemi kwamba chakula ni kibaya.

Fikirini kwanza jinsi hadithi zetu zilivyosimuliwa. Katika lubunga, penye moto wa jioni, wazee waliwasimulia watoto habari za sungura na fisi na zimwi, na humo pia watu walikufa na kumezwa. Mbona watoto hawakuharibika? Kwa sababu msimulizi alikuwa akiwatazama. Alipoona mdogo mmoja amefumba macho na kumshika nyanya yake, alipunguza sauti, au alimleta sungura upesi zaidi, au aliingiza wimbo, na watoto wakaitikia na kucheka. Tena mtoto alijichorea mwenyewe zimwi katika akili yake, wala hakuweza kulichora kubwa kupita nguvu zake. Sinema haimwoni mtoto. Haina macho. Mtoto akilia au akicheka, picha zaendelea mbele kwa mwendo uleule, na simba aliyekufa ana ukubwa uleule alioamua mchoraji wa Marekani. Kwa hiyo kazi ya kumtazama mtoto, ambayo zamani ilikuwa ya msimulizi, sasa ni ya mzazi. Asipoifanya yeye, hakuna mwingine.

Watu waliowachunguza watoto kwa makini wameona mambo mawili ambayo kila mama ayajua bila shule. La kwanza: mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano huogopa kile kinachoonekana, yaani meno, macho yanayong'aa gizani, sauti kubwa, moto. Ukimwambia "ni picha tu", neno hilo halimsaidii sana, maana bado hajui vema mpaka kati ya picha na kitu chenyewe. Akikaribia miaka saba hivi huanza kuujua mpaka huo. Mtoto mkubwa huogopa jambo jingine, yaani lile linaloweza kumpata kweli. La pili: mtoto mdogo huamini kirahisi kwamba mambo makubwa hutokea kwa sababu yake. Alimkasirikia baba asubuhi, baba akaugua jioni. Basi yeye ndiye aliyemuuguza. Halisemi, lakini hulibeba.

Sasa itazameni tena sinema ile kwa macho ya mtoto wa Fizi.

Mama mmoja katika mafundisho yetu ya jioni ana mwana wa miaka minne. Baba wa mtoto amekufa, na kufuatana na desturi mtoto alelewa katika nyumba ya baba mdogo, mtu mwema, mvuvi, anayemlisha pamoja na watoto wake. Mama aliniuliza kama ampeleke kuiona sinema ya simba, kwa sababu vijana walimwambia haina ubaya. Nilimwuliza: "Katika hadithi hiyo, ni nani aliyemwua baba?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ni baba mdogo."

Angalieni vema. Kwa mtoto wa Marekani, ndugu ya baba mara nyingi ni mtu akaaye mji mwingine, ajaye siku ya sikukuu na zawadi. Waliotunga sinema walitaka mwovu, wakamchagua huyo, wala hawakukosa. Lakini kwetu baba mdogo ni baba. Baba akifa, yeye ndiye anayesimama mahali pake. Mtoto yatima wa miaka minne akiona baba mdogo akimtupa baba chini na kutwaa nyumba yake, kisha akirudi nyumbani jioni na kupokea ugali mkononi mwa baba mdogo, nani ajuaye anafikiri nini? Katika koo zetu mna maneno ya kutosha juu ya nani alimwua nani. Tusimpe mtoto mdogo picha ya kuyavika maneno hayo.

Na lile neno la Scar, kwamba mtoto ndiye aliyesababisha kifo? Ndugu wapenzi, mnajua kwamba katika nchi yetu wako watoto walioambiwa neno hilohilo na watu wa nyumbani mwao, na hata na watu wanaojiita wahubiri: kwamba wao ni wachawi, kwamba wamemla baba, kwamba watoke nyumbani. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kabisa kumshtaki mtoto kwa uchawi, na yaweka adhabu. Na mafundisho ya Kanisa hayana nafasi hata kidogo kwa ukatili huo. Ni kweli kwamba sinema yamwonyesha mshtaki kuwa mwongo. Kwa mtoto wa miaka kumi jambo hilo laweza kuwa dawa: aona kwa macho yake mtoto aliyeshtakiwa bure, na mwongo aliyefunuliwa. Lakini kati ya shtaka na ukweli mnapita zaidi ya nusu saa. Mtoto wa miaka minne hashiki uzi mrefu namna hiyo. Atakwenda kulala na shtaka, na ukweli utakuwa umempita wakati anasinzia, au alipokuwa akitafuta mkono wa mama yake gizani.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama: "Mwana wako, mwaka huu, hapana. Binti yako wa miaka kumi na mmoja, ndiyo, nawe uketi naye."

Si kila mtoto wa miaka minne aliye hivyo. Mtoto ambaye baba yake yu hai na humbeba begani, ambaye kaka na dada zake wamemzunguka, labda atatazama nyumbu wakikimbia na kusahau yote asubuhi. Mzazi ndiye amjuaye. Lakini katika vijiji vyetu ni nyumba gani isiyoguswa? Vita vya mwaka 1996, kisha vya mwaka 1998, viliwakimbiza watu wetu kuvuka ziwa usiku katika mitumbwi. Wengi walikaa miaka katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, na wengine wamezaa na kulea huko. Wale waliokuwa watoto siku zile ndio wazazi wa leo. Na hata baada ya hayo milio ya bunduki haikukoma milimani. Mtoto aliyewahi kukimbia pamoja na umati, akiangalia lile kundi linaloteremka korongoni huku ardhi ikitetemeka katika kipaza sauti, hasomi hadithi. Anakumbuka.

Mtu aliyesoma kidogo aweza kuniuliza kama wakubwa wa nchi nyingine hawakukwisha kuzipima sinema hizi na kuzitia alama. Ndiyo, wamezipima. Huko Marekani sinema hii ya mwaka 1994 ilipewa alama ya kuonyesha kwamba watu wa umri wote waweza kuiona. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo iliitengeneza upya, chini ya uongozi wa Jon Favreau, kwa mashine za kompyuta, hata wanyama waonekana kama wa kweli kabisa, kila unywele. Hadithi ni ileile. Lakini safari hii, huko Marekani na huko Uingereza, ilipewa alama ya kuwaonya wazazi waangalie kwanza. Mwaona kwamba hadithi moja yaweza kuwa mbili kwa mtoto, kwa namna ilivyochorwa tu. Hata Snow White, sinema ya Disney ya mwaka 1937 ambayo leo huhesabiwa kuwa ya watoto wachanga, ilipofika Uingereza mwaka 1938 halmashauri ya huko iliamuru kwamba mtoto asiingie bila mtu mzima. Kenya nako wana halmashauri ya serikali yenye kutia alama sinema, na Tanzania vilevile wana bodi yao. Alama hizo ni msaada, na mwenye kuziona asizidharau. Ila kile kitu kidogo cha ndani ya simu kinachouzwa sokoni Baraka hakina alama yoyote juu yake, na hakuna halmashauri iliyomwona mwanao.

Hapa naingiza neno la historia, kwa maana si mara ya kwanza swali hili kuulizwa katika Kongo. Wakati wa Wabelgiji serikali ilichagua sinema ambazo Waafrika waliruhusiwa kuziona, wakubwa kwa wadogo pamoja, kana kwamba mzee mwenye wajukuu ni sawa na mtoto wa chekechea. Hilo lilikuwa tusi, na tusilifunike. Wamisionari nao walijishughulisha na sinema. Katika miaka ya 1950, huko Léopoldville, Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alitengeneza sinema za kuchorwa juu ya Mboloko, yule paa mdogo mwerevu wa hadithi za msituni. Walitaka watu waone wanyama wao na hila zao, badala ya mambo ya mbali tu. Na baadaye Mkongo mwenyewe, Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, alitoa mwaka 1991 sinema fupi ya kuchorwa juu ya chura anayekwenda kwa wakwe zake, hadithi ya Watetela. Nayataja haya ili mjue kwamba picha za kuchorwa si mali ya Wamarekani peke yao. Fupi, iliyotoka katika hadithi ambayo mtoto ameisikia kwa nyanya yake, mara nyingi yamfaa mdogo kuliko ndefu iliyo maarufu.

Zaidi ya hayo, wale waliokuwa wakionyesha sinema katika misioni walikuwa na mtu wa kusimama karibu na kitambaa cheupe na kueleza kwa lugha ya watu. Mtu huyo hakupotea. Leo amerudi kwa mlango mwingine: sinema nyingi zifikazo kwetu kutoka Tanzania, Kenya na Uganda zina sauti ya mfasiri juu yake, anayesimulia, kutania, kuongeza. Wengine wana kipaji kweli. Lakini angalieni: picha zaweza kuwa za watoto, na mdomo usiwe wa watoto. Mfasiri hutaka kuwachekesha vijana wa kibandani, basi hutia matusi katika kinywa cha ngiri, na utani wa wanawake katika kinywa cha ndege. Mzazi akisema "niliiona sinema hiyo Uvira, haina neno", hajamaliza. Ameiona ile, hakuisikia hii. Sikilizeni robo saa ya kwanza kabla ya kumwita mtoto.

Kanisa lafundisha nini? Papa Pius XI aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936, akataka waamini waelezwe ni sinema zipi zawafaa watu wote na zipi haziwafai. Papa Pius XII aliandika tena mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni, wala hakuviita kazi ya shetani. Alivihesabu kuwa zawadi za Mungu zinazohitaji akili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya tarehe 4 Desemba 1963, wawakumbusha wazazi kwamba ulinzi huo ni juu yao. Basi asije mtu kuniambia, "Padri hakuikataza." Padri hajui kwamba mwanao huota ndoto mbaya tangu mazishi. Wewe wajua.

Nitajibu sasa maswali mliyoniletea, kwa desturi ya katekisimu.

Swali: Mtoto wa umri gani asitazame kabisa?
Jibu: Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2019, halipendekezi kumkalisha mtoto mbele ya picha za televisheni au simu kabla hajatimiza miaka miwili, na kwa wa miaka miwili mpaka minne lasema isipite saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Sinema ya dakika 88 yapita kipimo hicho. Kwa hiyo, hata kama hakuna kitu cha kuogofya ndani yake, mtoto wa miaka mitatu hawezi kuimaliza kwa faida.

Swali: Tukiikata katikati, tumalizie kesho?
Jibu: Ni vizuri, ila chagueni mahali pa kukata. Msikate mara baada ya kifo cha baba, maana mtoto atalala na maiti. Aidha kateni kabla ya korongo, aidha endeleeni mpaka Simba apate rafiki na kucheka. Mwenye kusimulia hadithi hajui kusimama pabaya. Mwenye kuzima mashine kwa sababu betri imekwisha hajali.

Swali: Yatosha kumwambia mapema kwamba baba atakufa?
Jibu: Kwa mtoto wa miaka saba au minane yasaidia sana. Mweleze hadithi nzima kwanza, mpaka mwisho, kama vile ungesimulia motoni. Watu wazima hupenda kungoja wasijue. Mtoto hupenda kujua kwamba mwisho ni mwema. Usiogope kumharibia sinema.

Swali: Baba yake Simba aonekana mawinguni na kusema naye. Je, si uganga?
Jibu: Swali hili liliulizwa kwa ukali na mzee mmoja, nami nalipokea kwa heshima. Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mmekwisha kufundishwa kwamba twawaombea marehemu, na twaamini ushirika wa watakatifu, lakini hatuwaiti wafu waje kusema nasi. Mtoto mkubwa aweza kuelezwa hivyo kwa maneno machache, bila ugomvi. Mtoto mdogo aliyefiwa ni jambo jingine, wala shida yake si mafundisho ya imani. Atatoka nje na kuangalia mawingu. Atangoja. Ndiyo sababu nyingine ya kumwambia yule mama "mwaka huu, hapana".

Swali: Nikimkataza mdogo, atalia kwa kuwa wakubwa wamekwenda. Nifanye nini?
Jibu: Atalia, ndiyo. Kilio cha kunyimwa huisha kabla ya chakula cha jioni. Mpe kitu chake mwenyewe saa ileile: mpeleke ziwani kuona mitumbwi ya dagaa inavyowasha taa, au nyanya amsimulie sungura. Msimwambie "wewe ni mdogo, hufai". Mwambieni "sinema hiyo yakungoja". Na wakubwa wakirudi, waambieni wasimsimulie korongo kwa mbwembwe. Mara nyingi mtoto aliyebaki nyumbani huogopeshwa na kaka yake kuliko ambavyo angeogopeshwa na picha.

Swali: Mwenye mashine aonyesha katuni kwanza, kisha sinema za vita, na watoto hawaondoki. Tumlaumu nani?
Jibu: Kumlaumu hakusaidii. Wazazi watano waende kwake pamoja, kwa adabu, wamwombe aanze na watoto saa tisa, jua lingali juu, kisha afunge, watoto watoke wote mlangoni, ndipo afungue tena kwa wakubwa. Yeye naye ana watoto. Akikubali, mmoja wa wazazi akae mlangoni kwa zamu. Akikataa, basi faranga za watoto zibaki nyumbani, naye atafahamu hesabu hiyo upesi.

Swali: Na kama mtoto amekwisha kuiona, naye haogopi mchana, lakini usiku hukataa kulala peke yake, tena hamwendei baba yake mdogo kama zamani?
Jibu: Msimcheke, na msimpige kwa kukojoa kitandani. Kwa siku chache mlazeni karibu na mtu mzima. Mama asimwulize kwa maneno mengi. Ampe kijiti achore mavumbini, amwambie amwonyeshe simba mkubwa, simba mdogo, na yule mwingine. Atachora. Kisha amwulize: "Huyu mwingine alifanya nini?" na amwache aseme mpaka mwisho bila kumkatiza, hata akisema jambo la kumwumiza mama. Ndipo amwambie wazi, kwa majina ya nyumbani, jinsi baba yake alivyokufa kweli, kwa ugonjwa au kwa ziwa au kwa bunduki, kwa kadiri mtoto awezavyo kupokea, na kwamba si yeye aliyemwua, wala si baba mdogo. Na baba mdogo apewe habari, asione mtoto amemkimbia bure. Asubuhi amchukue kwenda naye kutengeneza nyavu, ampe uzi wa kushika.